Ulimwambia Madam Ati Naona Aibu

Risper,

Hii barua nitaiingiza ndani ya kiatu yako nyeusi, ile ya kushoto. Nikiweka juu ya nguo utaiona leo, na utaanza kunijibu. Sitaki kujibiwa. Nataka ufike huko Kisumu, asubuhi uvae kiatu uende koso, hayo masomo yako, vidole viguse karatasi, useme, "Haiya, mama tena." Ndiyo. Mama tena.

Usicheke mwandiko. Mimi niliachia darasa ya nne, na hata hiyo ya nne mwalimu alikuwa ananikalisha mlangoni kwa sababu ya kuongea. Lakini nimeona kuandika ni kuongea tu, isipokuwa hakuna mtu wa kunikatiza. Nimeipenda sana. Ningejua mapema mngekoma.

Sitakwambia habari ya kufunga mlango, wala chakula, wala wanaume. Hiyo yote Mildred amekwambia, si uko kwa dada yako Lurambi saa hii mnaagana? Mimi nataka tuongee juu ya Alhamisi ile iliyopita. Madam Konsolata alikuwa amesimama na wewe chini ya dirisha, na mimi nilikuwa jikoni naosha sufuria. Mlifikiri kwa sababu ya sufuria sisikii. Nilikuwa nimeacha kuosha.

Alikuuliza, "Risper, mbona mama yako anatukimbianga? Anaona aibu juu ya Desma?"

Na wewe, mtoto niliyezaa na uchungu ya siku mbili, ukasema, "Ndiyo, Madam. Anaona aibu."

Halafu jioni ukaja ukaniambia ati Madam amekupatia nafasi ya koso. Nikapiga vigelegele mpaka watu wa ng'ambo wakauliza nani anaolewa. Hukuona nilikuwa napiga vigelegele na meno imeshikana.

Aibu ya Desma. Mimi.

Nani alienda na Desma kanisani, mtoto akapiga kelele katikati ya maombi, pasta akanyamaza akiniangalia, na nikamwambia, "Endelea, baba, ongeza tu sauti"? Nani alisimama kisimani Mama Zipora akisema mtoto wangu amerogwa ndiyo maana haongei? Nilimwambia mbele ya wanawake wote, "Kama Desma amerogwa, wa kwako wamerogwa zaidi, kwa sababu wanaongea kutoka asubuhi na hakuna neno hata moja ya kubeba." Mpaka leo akiniona anachota maji haraka haraka. Mtoto wangu wa mwisho hasemi, anauma, anaziba masikio trekta ya miwa ikipita, anaweza kuzungusha kifuniko ya sufuria mpaka jua lizame. Hiyo yote wanaijua watu wote kutoka hapa mpaka Lubao, na wanaijua kwa sababu mimi ndiye niliwaambia. Mtu wa aibu anatangaza?

Wewe unajua kwa nini sikai kwa mkeka yao. Lakini wacha niandike hata kama unajua, maana inaonekana ulisahau.

Zamani walikuwa wanakujanga moja moja. Nesi anakuja, anasema mpe dawa ya minyoo. Mwalimu wa watoto spesho anakuja, anasema tungoje akue. Mwingine anasema ni masikio, mwingine anasema ni kichwa, na kila mtu akitoka anaharibu jina ya yule alikuja mbele yake. Mimi hiyo sehemu ndiyo nilikuwa napenda. Halafu Madam akaja na hii yake, ati wanakuja wote pamoja. Nesi, mwalimu wa spesho, yule wa kufundisha kuongea, na yule wa viungo. Na nyuma yao wanafunzi, tena watu wazima na ndevu zao, manesi na walimu wa chekechea kama wewe, wametoka kila mahali kufundishwa wasivute mtoto kila mtu upande yake, washikane wamwangalie pamoja. Wazo si mbaya. Nimesema mara moja, sirudii.

Na sheria yao ya kwanza ni hiyo ya mkeka. Mzazi anakaa chini, daktari anakaa chini, mwanafunzi anakaa chini, mtoto katikati, wote sawa. Sawa na nani?

Huyo mtu wa viungo, Habili, ndiye mwanaume wa Mildred. Amekaa na dada yako huko Lurambi kitambo, wanapika sufuria moja, na hajawahi kuleta watu wake hapa wakae chini na baba yenu. Ni mkwe wangu, tena mkwe ambaye hajafika. Mama mkwe hakai chumba moja na mkwe. Hamuiti jina. Hamuoni akivua viatu. Akiingia mlango hii, mimi natoka ile ingine. Wewe mwenyewe siku utaolewa nitakimbia bwana yako vilevile, na atakuwa na bahati, kwa sababu wale hawajui kukimbiwa nawajua, nyumba zao zinanuka matusi.

Habili anajua. Wakishuka kwa barabara wakiingia njia ya miwa, anaanza kukohoa kama ng'ombe amemeza kamba, ndiyo nijue nitoke. Amekohoa hivyo miezi yote hii. Nesi wao alimhurumia akampatia dawa ya kifua.

Sasa kwa nini hakusema? Hakusema kwa sababu Madam angemuuliza, "Na huyu Mildred ulimuoa lini?" Na yeye ni mwalimu wa walimu, ndiye anasimama mbele anafundisha watu jinsi ya kuheshimu nyumba ya mtu. Wewe ulijua hiyo. Ulimfichia. Mildred alikuomba, si ndiyo? Nawajua nyinyi wawili. Ndiyo ukachukua nafasi yangu kwa mkeka, kila Alhamisi umekaa hapo na Desma miguuni, Madam anakuona, anasema, "Huyu msichana ana moyo." Hiyo koso yako imetoka kwa mkeka yangu, Risper. Mimi nikiwa jikoni na moshi.

Na mimi kwa nini sikusema? Uliza. Mimi ninayesema ya kila mtu. Nani ameoa mke wa pili na pesa ya miwa, nani amenunua redio kubwa na watoto wanalala bila blanketi, nani amepanda miwa mpaka karibu na choo. Kwanza huyo wa choo ni baba yako, angepewa nafasi angepanda chini ya kitanda. Hiyo yote inatoka kwa mdomo hii bila shida. Lakini mtu hasemi, "Nakimbia kwa sababu huyo ni mkwe." Unaanzaje? Mtu anaona tu. Nesi anatoka hapa hapa kwetu, nilifikiri ataona. Lakini ataona nini, kama hakuna mtu alimwambia Mildred anakaa na nani? Nikangoja waone. Nikangoja na kiburi, mtu wa kuongea ambaye kitu moja tu ilihitajika aongee. Hiyo ndiyo makosa yangu na imeisha hapo, usiiongeze urefu.

Madam mwenyewe simpendi, na usifikiri leo imebadilika. Ananiongelesha pole pole, kwa sauti kubwa, kama mimi ndiye sijaanza kuongea. "Mama. Uko. Sawa?" Wakiona Desma ameshika kikombe wanapiga makofi kama harambee. Na anacheka na meno bila macho. Ukijifunza hiyo kucheka huko Kisumu, ukirudi nayo hapa, nitaitoa na maji ya moto.

Lakini ile iliniuma ni neno alisema akienda, Alhamisi hiyo hiyo. Alisema wewe ukienda, na mimi nikikataa kukaa, hawawezi kuja kufundisha mtoto ambaye hana mtu wa kubaki na hayo mafundisho nyumbani. Ati afadhali Desma apelekwe boding ya spesho, shule ya kulala huko huko, mbali, awe anarudi likizo. Mtoto ambaye hajui kusema "naumwa." Mtoto ambaye akisikia trekta lazima umwekee mikono juu ya masikio, juu ya mikono yake mwenyewe, na ubonyeze. Nani huko atajua kubonyeza?

Sasa leo wamekuja. Ulijua watakuja, Alhamisi si huwa inakuja baada ya Jumatano? Na ulitoka asubuhi mapema sana kwa mtu anaenda kuagana tu. Sijauliza kitu. Nasema tu nimeona.

Nikasikia kikohozi kwa miwa. Nikatoka na mlango ya nyuma, nikaingia jikoni, nikageuza mgongo. Wakaingia. Baada ya kidogo, viatu ya Madam hiyo, ko, ko, ko, mpaka mlango ya jikoni.

"Mama, karibu kwa mkeka. Leo Risper hayuko."

"Nimeona hayuko. Nilimzaa, akikosekana najua."

"Basi twende."

"Niko na mboga kwa moto."

Akaangalia. "Mama, moto haujawashwa."

"Ndiyo nataka kuwasha, si umenisimamisha."

Akageuka kwa wanafunzi wake, walikuwa wamemfuata kama vifaranga, akawaambia, "Huyu ndiye mzazi niliwaambia. Mnaona? Ni aibu. Msimlazimishe."

Msimlazimishe. Kama mimi ni ng'ombe imekataa daraja.

Nikamwambia, "Madam, aibu ni yako wewe, unaingia jikoni ya mwanamke na viatu." Kulikuwa na nesi moja mwanafunzi, msichana mfupi wa Butere, alimeza kicheko mpaka machozi ikatoka. Huyo nimempenda. Ukikutana naye huko msalimie.

Wakarudi ndani. Mimi nikabaki nasikiliza. Trekta ikapita na miwa, zile trela mbili zimefungwa pamoja, nyumba ikatetemeka, Desma akalia ile kilio yake. Halafu nikasikia mwanaume mzima amesema, "Uuwi!" Alikuwa ameumwa. Nikasema, vizuri, si mmekuja kujifunza? Jifunzeni.

Halafu Desma akatoka peke yake.

Unajua vile anapitanga karibu na mimi. Kama mimi ni nguzo. Mimi ndiye namshika, na yeye anachomoa mkono. Miaka yote ni hivyo, na sijawahi kulia juu ya hiyo kwa sababu nikianza kulia nani atapika? Leo alikuja akasimama. Hakuniangalia, aliangalia ukuta. Akachukua mkono yangu. Hapa, kwa vidole viwili. Akavuta.

Nilifikiri amejikwaa.

Madam alikuwa mlangoni. Akasema, "Mama, usiutoe mkono. Mfuate." Na hiyo sauti haikuwa ile ya pole pole. Ilikuwa kama ya mtu amebeba maziwa imejaa anaogopa kumwaga. Nikafuata. Desma mbele, mimi nyuma nimeinama kama mwizi, tukavuka uwanja, tukaingia mlango ya mbele. Risper, nilikuwa nimesahau Habili. Kabisa. Imetoka kwa kichwa.

Nikainua macho na huyo hapo, amekaa chini kwa mkeka bila viatu, soksi imetoboka, kidole kubwa iko nje inaniangalia.

Nikapiga kelele, "Habili, toka!"

Jina. Nimeita jina. Mbele ya watu.

Akaruka juu. Sasa atoke wapi? Mlango moja niko mimi. Ile ya nyuma wanafunzi wameijaza. Nyingine ni pazia ya chumba yetu ya kulala, mimi na baba yenu. Akashika pazia, akakumbuka ni nini iko nyuma, akaiachilia kama imemchoma. Akazunguka hivi, akazunguka hivi. Halafu akaenda hapo kwa ukuta, kati ya kalenda na picha ya baba yenu, akasimama amegeuza uso kwa ukuta, mikono nyuma. Daktari wa viungo! Mwalimu wa walimu! Kama mtoto wa darasa la kwanza ameiba chaki.

Madam akasema, "Habili? Unafanya nini?"

Ukuta ikajibu, "Samahani, Madam. Nipe dakika moja."

"Dakika ya nini? Na mama anajuaje jina yako?"

Halafu yule mfupi wa Butere akashika mdomo. "Mayi! Madam, huyo ni mkwe wake! Angalia tu vile amesimama!"

"Mkwe wa nani?"

"Wa mama!"

"Tangu lini?"

Habili akaambia ukuta, "Kitambo."

Nikasema, "Muulize kitambo gani! Muulize wazee wake walilala wapi wakija kwangu!"

Ungekuwepo. Lakini hukuwepo, ulikuwa unaagana.

Na hayo yote yakiendelea, Desma hajaachilia mkono. Sisi tunapiga kelele, yeye anavuta. Akanipitisha kati ya wale watu wote, akanifikisha kwa meza, akachukua hii mkono akaiweka juu ya thamosi. Akangoja.

Alitaka chai.

Kulikuwa na watu wangapi kwa hiyo chumba wanajua kumimina chai? Alikuja kutafuta mimi.

Sasa nitasema kitu na usiisome kwa sauti. Hiyo ya kuchukua mkono, ni wao walimfundisha. Wao na wewe. Miezi hiyo yote nikiwa jikoni nikisema mnacheza na vikombe kama watoto wa chekechea, kumbe mlikuwa mnamwonyesha vile mtu asiyesema anaweza kuita mtu. Na Habili ndiye alianzisha hiyo, huyo huyo wa soksi. Imeniuma kuliko kuumwa na Desma. Mtu unamchukia kwa raha zako, halafu anafanya kitu kizuri, unabaki na chuki mkononi hujui utaweka wapi.

Nikakaa. Nilifunika kichwa na leso mpaka kwa macho, nikakaa kwa mkeka, mgongo yangu kwa mgongo ya huyo wa ukuta. Nikafungua thamosi.

Ukuta ikasema, "Dada nesi, mwambie mama asijaze kikombe. Aweke kidogo, halafu angoje."

Nikasema, "Mwambie huyo mtu wa Mildred nimesikia, mimi si kiziwi."

Yule mfupi akaanza, "Mama anasema..."

"Nimesikia pia," ukuta ikasema.

Nikaweka kidogo. Desma akakunywa, akaangalia ndani ya kikombe, imeisha. Mimi mkono ilikuwa imeshaenda kwa thamosi, wewe unanijua, mtoto akikohoa mimi nimeshaleta maji. Ukuta ikasema, "Ngoja." Katika maisha yangu ukuta ya nyumba yangu haijawahi kuniamuru. Nikangoja. Nikaona huo muda ni mrefu kama mahubiri. Na Desma akashika mkono yangu tena, hakusita, akaiweka pale pale.

Hata makofi walisahau.

Wakimaliza, Madam akaniita nje, karibu na miwa. Alikuwa amekasirika, na kwa mara ya kwanza aliongea na mimi haraka, kama mtu na mtu.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza?"

Akasema, "Niliuliza. Niliuliza binti yako. Aliniambia ni aibu."

Sasa hapo, Risper, nilimwangalia uso. Nilimwona anafikiria. Ni mtu ana akili, hata kama simpendi. Niliona anaanza kujiuliza, huyu msichana nimempatia nafasi ya kwenda kufundishwa kuelewa nyumba za watu, je, alijua? Alijua na akaniambia uongo juu ya mama yake mzazi? Neno moja tu ningesema, na kesho ungefungua begi urudishe nguo kwa kamba. Na siwezi kukuficha, hiyo neno ilifika hapa kwa meno. Ilikuwa tamu.

Nikasema, "Risper hakujua. Mambo ya wakwe ni ya watu wazima. Hatukumwambia."

Nimekudanganyia. Usifanye nionekane mjinga.

Akasema maneno ya boding ataiacha mpaka Alhamisi ijayo, wakuje tena na wanafunzi. Lakini Habili ndiye mtu wa viungo peke yake wako naye, hana mwingine wa kuleta, na mtu hawezi kufundisha akiwa ameangalia kalenda. Nikaelewa. Ni mimi nimebaki.

Basi nitakaa. Uso kwa uso, bila leso machoni. Nimemtuma yule nesi mfupi amwambie Habili, Jumapili alete wazee wake, na Mildred atembee mbele yao mchana, watu wakitoka kanisani, nione kila mtu akiwaona. Asipoleta, bado nitakaa, lakini nitakaa na mdomo wazi, na anajua vile mdomo yangu ikiwa wazi hata miwa inasikia. Desma haendi boding kwa sababu ya soksi ya mtu.

Usifikiri ni rahisi. Mama Zipora alikuwa kwa mpaka na jembe, anapalilia mahali ambapo hakuna kitu imepandwa. Ameona yote. Ameona nikiingia, ameona nikikaa. Saa hii habari imefika kwa kila mtu, Mama Mildred amekaa mkeka moja na mkwe na akamuita jina. Kesho wanawake watanyamaza nikifika. Mimi najua hiyo kunyamaza, ni mimi niliwafundisha. Nikitoka kukusindikiza kwa stendi nitapitia sokoni niseme mwenyewe, kwa sauti, na niweke chumvi yangu kabla hajaweka yake. Atabaki na jembe.

Sasa wewe. Utaingia nyumba za watu na jina kwa kifua, na mwalimu wako nyuma. Kuna mama mwingine mahali, atatoka kwa mlango ya nyuma mkiingia. Mwalimu atakuangalia, na utajua ni jibu gani anapenda, kwa sababu wewe una akili ya kujua watu wanapenda nini, hiyo ulitoa kwangu. Usimpatie. Mfuate huyo mama jikoni. Kaa kwa kiti cha chini, hata kama moshi inakuumiza. Ongea naye upuuzi, bei ya sukari, mume wa nani amehama. Usimuulize kitu. Atasema mwenyewe, na ikiwa hatasema, angalau atakuwa amekuona umekaa.

Mimi ningekuona umekaa, ningesema. Ulipitanga hapo mlangoni kila Alhamisi, unachukua vikombe, unarudi.

Sijakusamehe. Naandika tu usije ukafikiri kwa sababu nimecheka hapa na pale imeisha. Utakuja likizo, utaingia hapa jikoni, utaniambia mbele ya uso yangu kwa nini ulisema hivyo. Si kwa barua. Kwa barua utapanga maneno vizuri, unajua kupanga. Halafu nitakupikia ingokho, kuku ya kwetu, na nitakupa kipande unapenda, lakini kwanza utasema.

Nilikuwa na mengine. Kuhusu Mildred nilikuwa na karatasi nzima, na juu ya Madam kuna kitu yule mfupi wa Butere aliniambia nikimsindikiza, ni tamu sana, lakini Desma amekuja hapa. Amesimama kando yangu kitambo anaangalia ukuta. Nimemwonyesha thamosi, ameisukuma. Si chai.

Ameshika mkono. Ni hii ya kalamu. Anavuta upande wa mlango na sijui kuna nini huko nje, wacha niende nione anataka n